Amepungua Mwili, Je, Moyo Wake U Salama?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji ya kunywa, chanjo za watoto na shinikizo la damu. Safari hii tunaleta jambo ambalo huenda baadhi yenu mtasema ni la watu wa mjini tu: hali ya akili na moyo ya mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Tunaomba msipinde jani haraka. Tangu mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni ili wapungue uzito, na upasuaji wenyewe wa kupunguza mfuko wa chakula nao umekwisha kufanyika hapo. Wapo pia wanaokwenda Nairobi au India. Lakini aliyefanyiwa hakai huko. Anapanda basi, anavuka daraja la Rufiji, anashuka Nangurukuru, anarudi kwake Masoko, Kivinje au Lindi mjini. Kuanzia siku hiyo wanaomtazama kila siku si madaktari, ni mume, mama mkwe, watoto na wanajumuiya wenzake. Ndiyo sababu tunawaandikia ninyi wa nyumbani.

UPASUAJI WENYEWE

Tueleze kwa ufupi tu. Puto si upasuaji. Huingizwa kwa njia ya kinywa, hujazwa likiwa ndani ya tumbo, hukaa miezi kadhaa, kisha hutolewa. Upasuaji ni jambo jingine. Njia moja ni kukata na kuondoa robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, ukabaki kama bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Njia nyingine ni kutengeneza kifuko kidogo kama yai la kuku upande wa juu, na kukiunganisha na utumbo mwembamba, ili chakula kipite njia ya mkato. Kwa njia zote mbili mtu hushiba upesi sana, na hata njaa yenyewe hupungua.

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu. Unene uliopita kiasi huleta kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na kukosa pumzi usingizini. Huko Sweden ulianza utafiti mwaka 1987 wa kuwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji huu pamoja na wanene wenzao ambao hawakufanyiwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Tena wengi wao huchangamka moyo: anayeweza tena kupanda ngazi za kanisa bila kutweta ana haki ya kufurahi. Kwa hiyo mtu akishauriwa na daktari kufanyiwa, msimkataze kwa maneno yetu.

Tunachotaka kusema ni kwamba hatari za akili baada ya upasuaji huu hazitokei sana wakati watu wanapozitazamia. Ndugu humhudumia mgonjwa kwa bidii mwezi wa kwanza, kidonda kikiwa kibichi. Humsifu mwaka wa kwanza, nguo zikimpwaya. Kisha huacha kumwangalia, wakidhani kazi imekwisha. Kumbe kwa wengine mzigo ndipo unapoanza.

MWAKA WA PILI NA WA TATU

Kule Ontario, jimbo la nchi ya Canada, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 8,815 waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Wakalinganisha miaka mitatu ya kabla na miaka mitatu ya baada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba safari za kukimbizwa hospitali kwa sababu ya kujidhuru ziliongezeka kwa karibu nusu baada ya upasuaji, na nyingi zilitokea mwaka wa pili na wa tatu. Tusitie chumvi: waliojidhuru walikuwa wagonjwa 111 tu kati ya wale wote. Na katika kila matukio 100 ya namna hiyo, 93 yalikuwa ya watu ambao tayari walikuwa wamegunduliwa na ugonjwa wa akili ndani ya miaka mitano kabla ya kupasuliwa.

Hiyo hesabu ya mwisho ndiyo tunayotaka ikae kichwani. Ina maana kwamba mara nyingi mtu wa kuangaliwa tunaweza kumjua mapema. Kama ndugu yenu aliwahi kuugua sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki na miezi, au aliwahi kutaka kujiua, au anatumia dawa za magonjwa ya akili, mwambieni daktari wa upasuaji waziwazi. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kunyimwa upasuaji. Kwa kawaida hanyimwi kwa sababu hiyo peke yake. Hutibiwa kwanza mpaka atulie, kisha hupangiwa ufuatiliaji wa karibu.

Lakini kwa nini mwaka wa pili? Sababu ni nyingi, na nyingine zinatuhusu sisi majirani kuliko madaktari.

MANENO YA MTAANI

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kilwa Masoko, mwenye duka la vitenge, amefanyiwa upasuaji. Ndani ya miezi sita amepungua kilo 30. Kwa daktari ni sherehe. Je, kwa wateja wake?

Hapa pwani unene wa mwanamke umekuwa sifa tangu enzi za bibi zetu. Mwali hufungiwa ndani akalishwa anone, na mtu akirudi mnene kutoka safari huambiwa amenawiri. Juu ya hayo, sisi tuliozika vijana wengi katika miaka ya 1980 na 1990 tulifundishwa na msiba kwamba mtu akikonda ghafula, ana UKIMWI. Leo dawa zipo na mwenye virusi anaweza kuwa na mwili wake kamili, lakini jicho letu halijasahau. Basi mama huyu akipita sokoni, watu wananyamaza. Mmoja anamwuliza binti yake kama mama "anatumia dawa". Mwingine ananong'ona kwamba amechezewa na mtu. Watatu, tena ni shoga yake wa miaka mingi, anaacha kununua kwake. Yeye alikwenda hospitali kutafuta uzima, na amerudi anatazamwa kama maiti anayetembea.

Akisema kweli kwamba alipasuliwa, anasikia lingine: mvivu huyo, si angefunga tu mdomo? Wasomaji wapendwa, neno hilo si la kweli na si la haki. Mwili wa mtu mnene sana hupigana kuutunza uzito wake. Njaa huongezeka kila anapopungua, na wengi waliofika kwenye upasuaji walikwisha jaribu kujinyima mara nyingi. Wanajumuiya wakutanapo kusali nyumbani kwa mtu wa namna hii, wasimpime kwa macho wala kumpa salamu ya "mbona umekwisha hivyo!" Salamu ya kawaida inatosha.

Kuna na aibu ya ngozi. Mtu akipungua sana, ngozi ya tumbo, mikono na mapaja hubaki ikining'inia. Alitazamia kujipenda akijiona kwenye kioo, na badala yake anazima taa. Wengine hujifunika hata mbele ya mwenzi wao wa ndoa.

NDOA NA SAHANI

Utafiti mwingine wa Sweden, uliochapishwa mwaka 2018, uliona kwamba baada ya upasuaji huu watu waliokuwa na wenzi waliachana zaidi kuliko wengine, na waliokuwa peke yao waliingia zaidi katika ndoa au uhusiano mpya. Maana yake ni nini? Mwili ukibadilika, mambo ya ndani ya nyumba nayo hutikisika. Mume aliyezoea mke wa kukaa nyumbani sasa anamwona anatoka, anavaa, anasalimiwa na watu. Wivu unaingia. Au mke anagundua kwamba ugomvi wao haukuwahi kutokana na unene, kwa maana unene umeondoka na ugomvi umebaki. Tunawashauri wanandoa waende wote wawili kwa daktari kabla ya upasuaji, na wasione haya kumwona padre au wanandoa wazoefu wa parokia mapema, kabla maneno hayajawa makali.

Tena kuna sahani. Kwetu kumpakulia mtu ni kumpenda. Arusini, matangani, siku ya Komunyo ya Kwanza, mgeni anayekula matonge matatu ya pilau akasukuma sahani amemtukana mwenyeji. Mgonjwa wetu hawezi zaidi ya hayo matatu. Akilazimishwa atatapika. Akikataa atasemwa. Baada ya muda anaacha kwenda shughulini kabisa, na upweke ni jirani wa sonona.

Na yeye mwenyewe amepoteza kitu. Watu wengi hutuliza huzuni, hasira au uchovu kwa kula. Upasuaji umefunga mlango huo, lakini huzuni ipo pale pale, inatafuta pa kutokea.

Neno moja juu ya kufunga. Mgonjwa hana wajibu wa kufunga wakati wa Kwaresima, na miezi ya mwanzo baada ya upasuaji kujinyima chakula na maji ni hatari kwake. Anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi: samaki, mayai, maziwa, kunde au maharage yaliyolainika, na hata pweza, ila awe amepondwa na kuchemshwa vizuri, siyo yule wa kutafuna robo saa. Wengi wetu tunaishi na ndugu Waislamu chini ya paa moja, nao wanajua vema kwamba mgonjwa ana ruhusa yake katika Ramadhani. Tusimwonee haya.

URAKA, TEMBO NA NIPA

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu mikoa yetu ina mikorosho na minazi.

Baada ya upasuaji, na hasa ule wa njia ya mkato, pombe haikai tumboni. Hushuka moja kwa moja kwenye utumbo na kuingia katika damu kwa kasi, na kiwango chake hupanda juu kuliko zamani. Mtu aliyezoea kunywa vikombe vitatu vya tembo akatembea vizuri kurudi kwake, sasa kikombe kimoja kinamlewesha. Wagonjwa 1,945 wa Marekani walichunguzwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2012. Kabla ya upasuaji, watu wenye tatizo la pombe walikuwa asilimia 7.6. Mwaka wa kwanza walikuwa karibu hao hao, asilimia 7.3. Mwaka wa pili wakawa asilimia 9.6. Tena ni mwaka wa pili, mtaona.

Baadhi yao hawakuwa walevi kabla. Faraja waliyokuwa wakiipata katika chakula waliihamishia kwenye chupa, na mwili uliobadilika ukawadaka upesi. Msimu wa mabibo, uraka ukiuzwa kila kona na nipa ikipikwa vichakani, ndugu wa mtu aliyepasuliwa wawe macho. Shauri letu ni asinywe kabisa mwaka wa kwanza, na baada ya hapo aongee na daktari kwanza. Aliyewahi kuwa na shida ya pombe zamani asinywe tena, hata tone la arusini.

AKICHANGANYIKIWA, MSIMPELEKE KWA MGANGA

Kama mtasahau yote mliyosoma katika ukurasa huu, tunaomba mkumbuke sehemu hii.

Mwili huhifadhi vitamini B1 kwa majuma machache tu. Mtu aliyepasuliwa akitapika mfululizo kwa wiki mbili tatu, au asiweze kula, akiba hiyo huisha na ubongo huanza kuumia. Dalili zake ni kuchanganyikiwa, kusahausahau, kuyumba kama mlevi, na macho kuchezacheza au kuona vitu viwiliviwili. Siyo lazima dalili zote zije pamoja. Fikirini basi itakavyoonekana kijijini: mtu amekonda ghafula, anayumba, anasema maneno yasiyoeleweka. Wengi watasema ana majini, au kalewa. Atapelekwa kwenye uganga, au ataachwa alale "pombe imtoke".

Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mpelekeni hospitali, iwe ya wilaya ya Kilwa kule Kinyonga, Kivinje, au ya Sokoine pale Lindi, au ya Mtakatifu Walburga, Nyangao, ile iliyo karibu zaidi. Mwambieni mganga kwa maneno haya: "Huyu alipasuliwa tumbo la chakula apungue unene, na ametapika siku kadhaa." Maneno hayo ni muhimu, maana kidonda cha siku hizi ni matundu madogo tu na mgonjwa hawezi kujieleza. Dawa yake ni sindano ya vitamini B1, na ni lazima aipate kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo, kwa sababu sukari peke yake inaweza kuzidisha madhara. Akicheleweshwa anaweza kupotewa na kumbukumbu maisha yake yote, au kufa.

Vitamini B12 nayo hupungua, ila polepole, kwa miezi na miaka. Huleta ganzi ya miguu, uchovu, usahaulifu na huzuni. Upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma huleta uchovu na unyonge unaofanana na sonona. Kwa hiyo mgonjwa akisema "sina raha, sina nguvu," asiambiwe tu aombe na kuvumilia. Apimwe damu kwanza.

Tuongeze moja linalochanganya watu. Mgonjwa akinywa chai yenye sukari nyingi au akila maandazi matamu, anaweza kutokwa na jasho, moyo ukaenda mbio, akatetemeka na kujisikia kufa. Hilo ni tumbo lililomwaga sukari kwenye utumbo kwa haraka. Apunguze sukari, ale polepole, asinywe maji palepale anapokula. Yakirudia mara kwa mara, daktari aambiwe.

Na dawa. Vidonge vya sonona, vya kifafa na vya magonjwa mengine ya akili vinaweza kunyonywa tofauti baada ya upasuaji, hasa vile vilivyotengenezwa vitoe dawa polepole. Dozi iliyomtosha jana inaweza kupungua nguvu leo. Dawa ya lithiamu hufanya kinyume: inaweza kuzidi katika damu ikawa sumu. Mgonjwa asiache dawa wala asiongeze kwa akili yake. Arudi kwa aliyemwandikia.

MULIZENI WAZIWAZI

Mtu akijitenga, akakosa usingizi, akaanza kugawa vitu vyake, au akisema "mngekuwa na nafuu bila mimi," msinyamaze. Mketini mahali pa faragha, mmwulize kwa upole: "Je, umefika mahali pa kutamani kufa?" Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Sivyo. Mara nyingi humfungua. Akikubali, asiachwe peke yake, salfa na dawa nyingine za mikorosho pamoja na vidonge vyote vifungiwe, na apelekwe hospitali siku hiyo. Hapo hospitali ulizeni muuguzi au daktari anayehudumia magonjwa ya akili.

Familia za Kikatoliki nyingine huficha jambo hili kwa kuogopa Kanisa. Ni kweli kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Sheria ya mwaka 1983 haikuwataja tena, na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba matatizo mazito ya akili na hofu kubwa vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba Kanisa linawaombea. Uhai ni wa Mungu, na kwa sababu hiyo hiyo aliye hatarini asifichwe. Padre anaweza kuitwa, lakini asiitwe badala ya daktari.

KABLA YA KUPANDA BASI

Anayepanga kwenda kupasuliwa aulize mapema nani atamfuatilia kwa miaka miwili au mitatu, siyo kwa wiki mbili. Aombe karatasi iliyoandikwa aina ya upasuaji, vitamini za kutumia na namba ya simu ya kliniki, na nakala moja aipeleke hospitali ya hapa kwetu ili siku ya shida asiwe mgeni. Vitamini ni za maisha yote, kwa hiyo ajue bei yake na mahali pa kuzinunua kabla hajaamua.

Na awe na akiba. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na wasafiri wakakwama. Mtu anayetegemea vidonge vya sonona na vitamini kutoka Dar hawezi kungoja barabara itengenezwe. Awe na dawa za mwezi mzima zaidi ndani ya nyumba, zikitunzwa na ndugu anayeaminika endapo kuna hofu ya kujidhuru, na mvua za masika zikikaribia ahesabu zilizobaki.